CHUPA KUUKUU NA MATUMIZI YAKE



Chupa ya kioo haifai kutupwa upesi. Kioo hakishiki kutu, na kikioshwa vema hufaa tena kwa asali, maziwa au maji ya kunywa. Bora zaidi ni zile chupa za kale zenye kizibo cha kauri kinachobanwa kwa waya juu ya pete ya mpira. Namna hiyo ya kubana kizibo kwa waya ilisajiliwa Marekani mwaka 1875 na Charles de Quillfeldt. Mwaka 1892 William Painter wa Baltimore alisajili kizibo cha bati, ambacho hutumika mara moja tu kisha hutupwa. Lakini kile cha waya hufunguka na kufungika miaka mingi.

Anayetaka kuitumia chupa ya namna hiyo na aitazame kwanza mdomoni. Ikiwa ina ufa, isitumiwe. Pete ya mpira iliyokauka ibadilishwe. Kisha chupa isuguliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isuuzwe, itiwe katika sufuria ya maji baridi, na maji hayo yachemshwe polepole. Kwani chupa baridi ikitiwa ghafula katika maji ya moto hupasuka.

Tena, muratina au kinywaji chochote kinachoendelea kuchacha kisifungiwe humo. Hewa hujaa ndani, waya haulegei, na chupa yaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

Lakini jambo kuu ni hili. Chupa iliyotiwa mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia kahawa isirudi mezani kamwe, hata ikioshwa mara kumi. Wala vitu hivyo visitiwe katika chupa ya soda au ya maziwa. Mtoto hajui kusoma; huijua chupa kwa umbo lake. Akiwa na kiu ataichukua na kunywa. Dawa ikae katika chombo chake chenye maandishi, mahali palipofungwa.

Ikiwa mtoto amekwisha kunywa mafuta ya taa, asitapishwe, kwa maana mafuta hayo yakiingia mapafuni humdhuru zaidi. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue alichokunywa.

Basi chupa na zitunzwe. Lakini kila chupa iwe na kazi moja inayojulikana na nyumba nzima.