MTUNGI WA DAWA SI MTUNGI WA MAJI

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa na mwanachama mmoja mzee mbele ya mkutano wa wafanya kazi wa mashamba. Yanapigwa chapa hapa kwa kuwa wengi waliomba.)



Najua wengi mmekuja kusikia habari za mshahara, na Bwana Katibu atazisema baada yangu. Mimi naomba kusema habari ya vyombo vitupu vya dawa ya kunyunyiza, na masalio ya dawa yenyewe. Msiseme ni habari ndogo.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Zamani nilikuwa mpiga dawa katika shamba moja la kahawa. Kila Jumamosi nyapara alitugawia mitungi mitupu, nasi tuliona ni bahati. Maji ya kambi yalitoka mtoni, na mtungi wa dukani ulikula fedha nyingi. Siku moja nilimpa jirani yangu mtungi wa lita tano. Niliusuuza mara moja, nikaunusa, nikaona hauna neno. Sikujua kwamba mpini wa mtungi ule ulikuwa na tundu ndani yake, na dawa hujificha humo.

Usiku ule mtoto wa jirani alitoka jasho na udenda, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, tumbo likamkata, mwili ukatetemeka. Tulimbeba mpaka hospitali. Tabibu akauliza, "Amekunywa nini?" Mama yake akajibu, "Maji tu." Mimi nilikuwa nimesimama pale, nami nilijua. Nilinyamaza kidogo kabla ya kusema, kwa kuogopa kazi yangu. Mtoto alipona. Lakini kunyamaza kule kunanisumbua mpaka leo, na ndiyo sababu nasimama mbele yenu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Dawa ikiisha ndani ya chombo, sumu haijaisha. Hubaki ukutani, chini ya kifuniko na katika mpini. Plastiki nayo hunywa dawa, ndiyo maana hata chombo kilichosuuzwa vizuri hakifai kwa maji, maziwa, mafuta wala pombe. Hakifai kabisa.

Jambo la kwanza ni kusuuza mara tatu, saa ile ile chombo kinapokwisha, kabla dawa haijakauka. Kimimine ndani ya pampu mpaka kiache kutiririka, kisha ukishikilie nusu dakika zaidi kidondoke. Tia maji safi robo ya chombo, funga, utikise kwa nguvu nusu dakika, kisha mimina ndani ya pampu ile ile. Fanya hivyo mara tatu. Maji ya kusuuza yasimwagwe chini, kwa kuwa hayo pia ni dawa. Yanakwenda kwenye mimea pamoja na dawa nyingine, na tajiri hapati hasara hata ya tone moja. Mwisho toboa chombo chini kwa msumari, ili asiwepo mtu wa kukitamani. Kazi hii hufanywa na mtu aliyevaa glavu, buti za mpira na kinga ya macho, si kwa mikono mitupu.

Jambo la pili ni kupima. Changanya dawa ya kutosha eneo la siku ile tu. Ikibaki kidogo, inyunyizwe juu ya mimea ile ile ambayo haijapigwa, si kumwagwa mtaroni. Mtaro huenda mtoni, na mtoni ndiko tunakoteka.

Jambo la tatu ni yale tusiyofanya. Hatuchomi vyombo nyuma ya stoo. Moto wa kuni hauna ukali wa kuiangamiza sumu. Huigeuza moshi, na moshi huo huingia kambini. Hatufukii shimoni, kwa kuwa mvua huteremsha sumu mpaka kisimani. Hatutupi chooni. Mwenye shamba akisema, "Chimbeni shimo, yaishe," tumjibu kwa heshima kwamba hayaishi. Yanahama tu, kutoka stoo yake kwenda kisima chetu.

Basi vyombo viende wapi? Vilivyosuuzwa na kutobolewa vikae katika stoo yenye kufuli, sakafu ya saruji na paa lisilovuja, mbali na chakula, mpaka vichukuliwe na mwenye leseni ya kubeba taka za namna hiyo. Dawa iliyopitwa na wakati ikae katika chombo chake chenye maandishi yake. Ikiwa kinavuja, kitiwe ndani ya pipa kubwa zima, na pipa liandikwe jina la dawa. Dawa ikimwagika, usilete maji. Mwaga mchanga mkavu uinywe, zoa, tia katika pipa hilo.

Wengine watasema hayo ni maneno ya vitabuni. Siyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yasema pia mfanya kazi akiripoti hatari kubwa asirudishwe penye hatari hiyo kabla haijaondolewa, wala asiadhibiwe kwa kuripoti. Na sheria ya taka ya 2022 inamtaka mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa abebe jukumu la taka zake. Ningalijua haki kama hiyo usiku ule, nisingalinyamaza.

Wala msidhani sumu huheshimu ua. Kumbukeni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi karibu na nyumba za watu mwaka wa 2007, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Wakazi walikwenda mahakamani, wakashinda 2020, wakashindwa katika rufani 2023, na mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ni ushindi mkubwa. Lakini ndugu zangu, fidia huja baada ya mtu kuugua.

Nimalizie na mama zetu. Tusiwalaumu kwa kuchukua mitungi. Mtu huchukua mtungi wa sumu kwa kuwa hana mtungi mwingine, tena hana bomba karibu. Tukikataza bila kuleta maji, tutakuwa tumesema bure. Kwa hiyo naomba mkutano huu upeleke kwa waajiri maneno matatu:

1. Bomba la maji safi katika kila kambi, na kila nyumba ipewe mitungi miwili mipya ya maji.

2. Mahali maalum pa kusuuzia vyombo, na stoo ya kufuli, ambayo kamati ya usalama itaikagua kila mwezi.

3. Nyapara asigawe wala kuuza chombo cha dawa. Idadi ya vyombo vilivyoingia na vilivyotoka iandikwe kitabuni, na mjumbe wetu akione kitabu hicho.

Na mkiona mtu ameguswa na dawa, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, msimtapishe, mpelekeni hospitali pamoja na karatasi ya chombo. Tabibu akiuliza amekunywa nini, semeni mara moja. Msingoje kama nilivyongoja mimi.