Kumwombea Adui: Amri ya Mlimani na Uganda ya Mwaka 1977

Miongoni mwa maagizo ya Mahubiri ya Mlimani, yaani mafundisho ya Yesu yaliyokusanywa katika sura ya 5 hadi ya 7 ya Injili ya Mathayo, ni vigumu kupata linalosifiwa sana na kutekelezwa kwa nadra kama lile linalowataka wanafunzi wawapende adui zao na kuwaombea wanaowatesa. Wapo waliojaribu kulipunguza makali kwa kudai kwamba adui anayetajwa hapo ni jirani aliyekosana na mwenzake kwa sababu ya deni au mpaka wa shamba, wala si mtawala dhalimu au askari mwenye silaha. Dai hilo halisimami. Neno la Kigiriki alilolitumia Mathayo, ekhthros, lilimhusu hasimu wa mtaani na adui wa taifa vilevile, na aya tatu tu kabla ya amri hiyo anatajwa mtu anayelazimishwa kwenda maili moja, jambo linalotokana na desturi ya askari wa dola ya Kirumi kumkamata mpita njia na kumtwika mizigo yao. Kitenzi hichohicho Mathayo anakitumia tena pale Simoni Mkirene anapolazimishwa kuubeba msalaba. Wasikilizaji wa kwanza wa amri hii, basi, walimjua adui kwa sura na kwa kishindo cha viatu vyake.

Upendo unaoagizwa huitwa kwa Kigiriki agape, neno ambalo katika Agano Jipya hubeba maana ya kumtakia mtu mema na kumtendea, hata kabla moyo haujatulia. Hisia haziamrishwi, lakini tendo huweza kuamrishwa, na tendo la kwanza linalotajwa ni sala. Hapa Kiswahili chenyewe kinafichua jambo, kwa kuwa kitenzi kuombea hakisemi kama kinachoombwa ni heri au shari: mtu huombewa afya, na mtu huombewa mabaya. Mwandishi wa Zaburi ya 109 anamwombea mtesi wake maisha mafupi na watoto wake uyatima, na ni vyema kwamba zaburi hiyo haikuondolewa katika Biblia, kwa maana inaonyesha kuwa hasira ya aliyeonewa inaweza kupelekwa mbele za Mungu ilivyo, bila kupambwa. Yesu anadai hatua ya mbele ya hapo, nayo ni ngumu zaidi.

Ugumu wake ulionekana wazi nchini Uganda mwaka 1977, mwaka ambao Kanisa Anglikana la huko lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu wamisionari wake wa kwanza walipofika. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika ule Uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, na ambao wafuasi wake wanajulikana hadi leo kama Walokole, alivamiwa nyumbani kwake usiku wa manane, tarehe 5 Februari. Askari wa Idi Amin, mtawala wa nchi wakati huo, waliruka ua, wakamwelekezea bunduki tumboni, wakapekua nyumba chumba kwa chumba hadi ghala la chakula, wasipate silaha waliyodai kuitafuta. Walipotaka kuondoka waliomba wafunguliwe lango, naye mkewe akaona kwamba watoke walikoingilia, yaani kwa kuruka ua. Luwum alikataa, kwani, kwa maelezo yake mwenyewe, yeye na mkewe ni Wakristo wenye mioyo safi, hivyo lango lingefunguliwa ili iwe ushuhuda kwa askari hao.

Kauli ya mkewe ilikuwa ya haki kabisa, na hakuna sababu ya kumlaumu. Lakini lango lile linafaa kutazamwa pamoja na jambo lililofuata siku chache baadaye, ambapo Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua wakilalamika waziwazi kuhusu upekuzi huo, na wakasema kwamba bunduki iliyokusudiwa kuwalinda raia imegeuzwa dhidi yao. Mtu yuleyule aliyewafungulia askari lango ndiye aliyetia sahihi barua ya kumkemea bwana wao. Wanaodhani kwamba kumpenda adui ni kunyamaza hawana budi kuisoma barua hiyo, kwa sababu anayemtakia mwenzake mema hawezi kumwacha aendelee kuua bila kuambiwa kwamba anaua.

Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza ajali ya gari, ilhali waliouona mwili wake ulipofikishwa kijijini kwao Mucwini waliona majeraha ya risasi.

Askofu wa Kigezi, Festo Kivengere, naye pia Mlokole, alitoroka na mkewe kwa miguu, usiku, kupitia milimani hadi Rwanda. Ushuhuda alioutoa baadaye una thamani kubwa kwa sababu hakujificha nyuma ya cheo chake: alikiri kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa unamla rohoni na kuikausha sala yake. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, tarehe 8 Aprili, akiwa katika kanisa la All Souls jijini London, alisikia ikisomwa sala ya Yesu ya kuwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha, ndipo akatambua kwamba Amin hakuwa nje ya sala hiyo. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Toka kifo cha Luwum hadi Ijumaa Kuu hiyo zilipita siku 51, na siku hizo hazipaswi kurukwa katika masimulizi: askofu, mhubiri wa miaka mingi, alizihitaji.

Luwum na Kivengere walilelewa pia na Litania ya Kianglikana, sala ndefu ya kuitikizana iliyotungwa Uingereza mwaka 1544, ambamo waumini wanaomba adui zao, watesi wao na wasingiziaji wao wasamehewe na mioyo yao igeuzwe. Ombi la kugeuzwa moyo si ombi la kumtakia dhalimu ufanisi katika udhalimu wake. Ni ombi kwamba auache, tena auache akiwa hai. Katika makanisa mengi majina ya wagonjwa, wasafiri na wafiwa hutajwa kila Jumapili, lakini jina la aliyetenda ubaya halitajwi, na kwa hiyo sehemu hiyo ya Litania hupita midomoni bila kumgusa mtu. Wachungaji na wazee wa kanisa wanaombwa wakifika hapo wanyamaze kidogo, ili kila mmoja apate nafasi ya kulitamka jina analolijua.