Dirisha, Menyu na Vitufe: Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana penseli na karatasi moja tupu. Kompyuta hatuihitaji bado. Hata darasa lililo nayo, iacheni imezimwa mpaka nitakapowaambia.

Juma lililopita tulisema kwamba programu ni orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata. Leo nataka tuzungumze juu ya uso wa programu, yaani yale maneno, visanduku na vitufe tunavyoviona kwenye kioo. Uso huo hauji wenyewe. Kuna mtu aliyekaa akaamua kila neno na mahali pake, na leo mtu huyo ni wewe.

Tuseme tunataka programu ya kumsaidia mweka hazina wa kikundi cha akiba. Kila Jumamosi wanachama huleta fedha, naye huandika jina na kiasi. Chora mstatili mkubwa kwenye karatasi yako. Hilo ndilo dirisha. Juu kabisa andika jina lake: Daftari la Akiba. Ndani chora visanduku viwili, kimoja cha jina la mwanachama na kimoja cha shilingi alizoleta, na kando ya kila kisanduku andika kinachotakiwa humo. Chini yake chora kitufe, uandike juu yake: Andika.

Sasa rudi juu. Chini ya jina la dirisha acha ukanda mwembamba wa menyu. Menyu mnaijua. Ukiingia mgahawani ukakuta ubao umeandikwa chai, maandazi, wali na maharage, huna haja ya kukumbuka kilichopikwa leo. Unasoma, unachagua. Zamani kompyuta hazikuwa na ubao huo. Mtu alikariri amri na kuziandika herufi kwa herufi, na akikosea herufi moja amri haikufanya kazi. Mambo yalianza kubadilika huko California, Marekani. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenzake kipanya, kile chombo cha mkononi cha kuelekezea kwenye kioo. Mwaka 1973 maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto ilitengeneza kompyuta iitwayo Alto, na juu ya kompyuta hiyo wataalamu wakajaribu madirisha na menyu. Kompyuta ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1984, iliyafikisha mambo hayo kwa watu wengi.

Basi kitufe hufanyaje kazi? Hapa nawaomba msikilize vizuri, maana wengi hukwama hapa. Programu yenye dirisha haikimbii kutoka amri ya kwanza hadi ya mwisho ikaisha. Hufungua dirisha, kisha hungoja, kama mhudumu wa mgahawa aliyesimama mlangoni. Ukibonyeza kitufe, huita kazi iliyofungwa kwenye kitufe hicho. Kazi ikiisha, hurudi kungoja. Kitufe ambacho hakikufungiwa kazi ni mchoro tu, ukibonyeza mpaka kesho hakitafanya lolote.

Darasa lenye kompyuta sasa liwashe. Tunatumia lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, na chombo chake cha kutengenezea madirisha kiitwacho Tkinter. Nakilini mistari hii kama ilivyochapwa:

import tkinter as tk
def andika():
    dirisha.title("Imeandikwa")
dirisha = tk.Tk()
dirisha.title("Daftari la Akiba")
kitufe = tk.Button(dirisha, text="Andika", command=andika)
kitufe.pack()
dirisha.mainloop()

Mstari wa tatu usogezwe ndani kwa nafasi nne. Neno "pack" huweka kitufe dirishani. Ukilisahau, kitufe kipo lakini hakionekani. Neno "mainloop" ndilo linalosema: sasa ngoja. Mkibonyeza kitufe, jina la dirisha litabadilika.

Tazameni pale palipoandikwa command=andika. Msiongeze mabano baada ya neno hilo. Bila mabano, unaiachia kompyuta jina la fundi wa kumwita wakati wa kazi. Ukiweka mabano, umemwita fundi sasa hivi: jina la dirisha litabadilika kabla hujagusa kitu, na baadaye kitufe kitakuwa bubu. Kosa hili nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Lakini liko kosa jingine ambalo kompyuta haikuonyeshi. Miaka michache iliyopita nilikitengenezea kikundi kimoja cha akina mama programu kama hii. Chini ya dirisha niliweka vitufe viwili kando kwa kando, Funga na Futa. Funga cha kufunga dirisha, Futa cha kufuta orodha yote. Mweka hazina wao alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kama ninyi. Jioni moja, taa hafifu, alisoma "Fu", akabonyeza. Akiba ya miezi minne ikatoweka kwenye kioo. Kesho yake wapo waliosema kwamba mama yule amekula fedha na sasa anaficha. Ilitubidi tukusanye vijitabu vya wanachama na kuandika upya, siku mbili nzima, naye amekaa pembeni hasemi. Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia hivyo mbele ya wote, lakini neno baya lilikwisha kusemwa.

Nilibadilisha mambo matatu. Badala ya Funga niliandika Toka, neno lisilofanana na Futa hata kwa herufi ya kwanza. Futa nikaiondoa chini, nikaiweka ndani ya menyu, mbali na mkono unaofanya kazi kwa haraka. Kisha nikaongeza dirisha dogo linalouliza: Unataka kufuta akiba yote ya kikundi? Majibu yake sikuandika Ndiyo na Hapana. Niliandika Futa yote na Rudi, ili anayesoma kitufe peke yake ajue kitafanya nini.

Mwalimu wa darasa, sasa wapange wanafunzi wawili wawili. Mmoja ashike karatasi yake na awe kompyuta, wala asiseme neno. Mwenzake abonyeze kwa kidole, na kompyuta ionyeshe kwa mkono kinachotokea. Kila mahali mwenzako anaposita, weka alama, ufute neno hilo na kuandika jingine. Msimcheke anayesita. Karatasi zenye alama mje nazo juma lijalo, saa ileile, tutaongeza orodha ya wanachama ndani ya dirisha letu. Kwaherini.