Usisubiri Januari Nyingine



Zimebaki siku chache Februari iishe, nami naona huu ndio wakati wa kufaa kuzungumzia maazimio ya mwaka mpya. Wenzangu wengi huyazungumzia tarehe mosi Januari, wakati kila mtu bado ana nguvu na pilau la sikukuu halijapoa. Mimi napenda kuyazungumzia sasa, wakati mengi yameshakufa na kuzikwa kimya kimya, bila hata majirani kutangaziwa msiba.

Unaukumbuka usiku wa Desemba 31. Makanisa ya Dar es Salaam hujaa mpaka uani, viti vya plastiki hupangwa nje chini ya turubai, na watoto hulala juu ya khanga miguuni pa mama zao. Katika usharika wetu, ikikaribia saa sita, mchungaji hutupa dakika kumi za kimya. Kila mtu anaongea na Mungu wake juu ya kile anachotaka kukiacha katika mwaka unaokwisha. Halafu kengele inagongwa, vigelegele vinapigwa, na watu wanakumbatiana hata na wale waliokuwa hawasalimiani tangu Juni.

Mwaka juzi, katika dakika zile kumi, mimi niliacha sigara.

Nilianza kuvuta nikiwa chuoni, nikisomea stashahada ya uandishi wa habari. Siku zile tuliamini kwamba mwandishi asiyevuta hawezi kuandika habari ikakolea. Miaka zaidi ya ishirini ilipita hivyo. Mafundi mitambo walishazoea kunikatia kikohozi kwenye kanda, na baadaye kwenye kompyuta. Sikujali. Lakini binti yangu wa mwisho, ambaye sasa yuko darasa la nne, ana ugonjwa wa pumu. Daktari alinieleza bila kuzunguka kwamba moshi wa sigara ni moja ya vitu vinavyoiamsha pumu ya mtoto. Ndiyo maana usiku ule wa mkesha sikunong'ona kwa mzaha. Nililia. Nilipofika nyumbani nikawatangazia wote: "Baba ameacha sigara." Binti yangu aliruka ruka kitandani mpaka mama yake akamkemea.

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita kwa shida. Siku ya nne arosto ilinibana hata nikamfokea kijana wa mapokezi kwa kosa la kunisalimia. Siku ya tisa nilikuwa zamu ya usiku. Taarifa ilikuwa imechelewa, mhariri ananipigia simu kila baada ya dakika tano, na nje ya geti palikuwa na mchuuzi na kimeza chake cha pipi, vocha na sigara. Nilinunua moja. Moja tu, ndugu msikilizaji. Nawe unaijua hiyo "moja tu".

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Kuanguka siku ya tisa si habari. Huko Marekani mwanasaikolojia John Norcross na mwenzake waliwafuatilia watu 200 waliokuwa wameweka maazimio ya mwaka mpya. Baada ya wiki moja, asilimia 77 walikuwa bado wameyashika. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 19. Kwa hiyo nilikuwa katika kundi kubwa na la heshima. Habari ni kile nilichokifanya baada ya kuanguka. Nilificha.

Nikawa na pakiti kazini, ndani ya saraka, chini ya kanda za zamani ambazo hakuna mtu anayezigusa. Nikawa na shati la akiba. Nikawa natafuna bigijii njia nzima mpaka nyumbani kama mwanafunzi mtoro. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Nyumbani kwetu tunasali pamoja kabla ya kulala, na mtoto mdogo ndiye anayefunga sala. Tangu Januari mosi binti yangu alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe. Kila usiku alimshukuru Mungu kwa sababu baba ameacha sigara. Kila usiku, na baba akiwa pale pale, amefumba macho, akajibu: "Amina." Ukitoa siku nilizokuwa zamu, kufika Agosti nilikuwa nimeijibu ile Amina si chini ya mara 150.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kwa sababu kila siku iliyopita iliufanya uongo uwe mrefu zaidi, na mrefu ni mgumu kuukunja. Nilikuwa najiambia: nitaacha kimya kimya wiki hii, halafu sala ya mtoto itakuwa ya kweli, na hakuna atakayejua. Niliomba sana, usifikiri sikuomba. Nilikuwa namwomba Mungu ageuze uongo wangu uwe ukweli kabla haujagunduliwa.

Usiku mmoja wa Agosti pumu ilimbana mtoto. Dawa ya kupuliza haikutosha. Tulipanda bajaji kwenda hospitali, mama yake kashika mfuko wa nguo, mimi nimempakata mtoto, kichwa chake kifuani kwangu. Nilikuwa nimetoka kazini muda si mrefu na shati la akiba lilikuwa limefuliwa. Akavuta pumzi kwa shida, akaniambia: "Baba, shati lako linanuka sigara." Kabla sijajibu, akanitafutia jibu mwenyewe: "Ulikaa na watu wanaovuta, eti?"

Nikasema: "Ndiyo, mama."

Mtoto hana pumzi, na pumzi kidogo aliyokuwa nayo ameitumia kumtetea baba yake. Na baba akaipokea.

Alipata nafuu alfajiri, namshukuru Mungu na wauguzi. Jumamosi iliyofuata, baada ya ibada ya jumuiya, nilibaki nyuma nikamfuata mzee mmoja wa mtaa wetu. Ni mtu wa Kagera, ana miaka zaidi ya themanini, na mama yake alikuwa mmoja wa watu wa Uamsho. Wengi wenu mmewasikia. Ule uamsho ulishika moto Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukaingia kwetu Tanganyika kupitia upande wa Bukoba, na kufika Kenya. Watu wake walikuwa na desturi moja iliyowaudhi wengi: walisimama mbele ya wenzao wakataja makosa yao kwa majina, aliyeiba jembe akisema jembe, aliyeiba mbuzi akisema mbuzi. Waliita kutembea nuruni.

Nilimweleza mzee habari yangu yote. Akaniuliza: "Umemwambia nani?"

Nikamjibu: "Nimemwambia Mungu kila siku, baba."

Akacheka kidogo. "Mungu alikuwa anajua, mwanangu. Mkeo je?"

Halafu akaniambia nikasome tena habari za Petro, nihesabu mioto. Nilidhani uzee umemchanganya. Nilikwenda nikasoma, na kweli mioto ni miwili. Unajua kwamba Petro aliweka azimio kubwa kuliko letu sote. Usiku ule wa karamu ya mwisho aliapa kwamba hata wengine wote wakikimbia, yeye hatakimbia, yuko tayari kufa. Azimio hilo halikufika asubuhi. Katika ua wa kuhani mkuu palikuwa na moto wa makaa, watumishi wanaota kwa sababu ya baridi, na Petro akaota pamoja nao. Mbele ya makaa yale akakana mara tatu kwamba hamjui Yesu. Jogoo akawika.

Moto wa pili uko mwishoni mwa Injili ya Yohana, ufukweni mwa ziwa, asubuhi. Ni moto wa makaa tena, umewekewa samaki, na mkate upo. Safari hii aliyeuwasha ni Yesu mwenyewe, na Petro anaulizwa swali mara tatu, hesabu ile ile. Mimi niliyesoma Injili hii tangu Shule ya Jumapili sikuwahi kuona jambo hili: Petro haambiwi aape upya. Haulizwi kama safari hii atajitahidi zaidi. Anaulizwa kama anampenda, kisha anapewa kazi. Naye hajisifu tena. Anachosema ni kwamba Bwana anajua. Alirudishwa kwenye makaa, mahali pale pale alipoungulia, mbele ya wenzake, akalishwa kifungua kinywa.

Jioni ile nilimwambia mke wangu. Nilitegemea anitukane kwa ajili ya sigara. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema: "Baba watoto, sigara ningeivumilia. Lakini umemwacha mtoto anamshukuru Mungu kwa uongo, na wewe unaitikia." Hakusema nami siku mbili. Sina la kujitetea.

Siku ya tatu tulimwambia mtoto pamoja. Alilia, halafu akauliza swali ambalo mimi mwenye stashahada yangu ya kuuliza maswali sikuwahi kujiuliza: "Na leo umevuta?"

Nikamwambia: "Leo, bado."

Basi sala yake ikabadilika. Kila usiku sasa, kabla hajafunga macho, ananiuliza kwanza: "Baba, leo?" Nami nalazimika kujibu kabla ya Amina. Tangu Agosti nimejibu "leo nimevuta" mara mbili, mara moja Oktoba na mara moja kwenye msiba wa rafiki yangu Desemba. Siku hizo alisema tu, "Mungu, kesho msaidie baba," tukalala. Asubuhi yake sikununua pakiti. Zamani, baada ya moja ningenunua pakiti, kwa sababu azimio lilikuwa limekwisha kuvunjika na Januari ilikuwa mbali.

Kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, kama kula tunda mchana au kufanya mazoezi. Kwa wastani ilichukua kama siku 66 tabia kuingia damuni; aliyewahi zaidi siku 18, na kwa wa mwisho makadirio yalifika siku 254. Kujenga tabia ya kula tunda si sawa na kuacha sigara, nakubali. Lakini waliona pia kwamba mtu akikosa siku moja, kazi yake haikuharibika. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nina mwenzangu kazini, Mwislamu, mvutaji kuliko mimi. Ramadhani inapoingia anakaa kutwa bila kugusa sigara, mwezi mzima. Nilimuuliza siri yake ni nini. Akaniambia: "Sifungi peke yangu. Mji mzima umefunga, nyumbani wamefunga, nikivuta nitamtazama nani usoni jioni kwenye futari?" Huyo naye, bila kujua, alinihubiria.

Usinielewe vibaya. Sisemi mtu atupe ushauri wa daktari ashike Biblia peke yake. Sigara ni ulevi wa mwili, na mimi mwenyewe nilikwenda kwa daktari na nimefaidika. Na wala sisemi nimeshinda. Nimehesabu miezi sita tu, tena ina matundu mawili. Ninachosema ni kwamba kwa miaka mingi niliitumia imani yangu vibaya. Niliitaka inipe nguvu ya kuwa mtu asiyeanguka, ili nisilazimike kumwambia mtu yeyote kwamba nimeanguka. Injili haikuniahidi hivyo. Iliniahidi kwamba yuko anayewasha makaa asubuhi, na kwamba mahali hapo huwezi kufika ukiwa na shati la akiba.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa hiyo wewe ambaye azimio lako lilikufa Januari 9, au juzi, iwe ni pombe, iwe ni mikopo ya simu ambayo mkeo haijui, iwe ni mkono unaowahi kuinuka juu ya mtoto, usingoje mkesha ujao. Hakuna andiko linalosema rehema hufunguliwa Desemba 31 saa sita usiku. Tafuta mtu mmoja anayekupenda, mwambie leo, na umpe ruhusa ya kukuuliza tena kesho.

Mimi nikitoka hapa studio narudi nyumbani. Kuna mtu anangoja kuniuliza swali lake. Leo, bado.

Mpaka wiki ijayo, kwaheri.