Shingo Inayouma Hutaka Mazoezi



Sisi wa karakana na wenzetu makarani twayajua maumivu ya shingo yanayopita miezi mitatu. Wengi wetu huyanyamazia, tusije tukaitwa wavivu, na fedha zetu huishia kwenye vidonge.

Sikilizeni habari za Ufini, kaskazini ya Ulaya. Mwaka 2003 madaktari wa huko walieleza jinsi walivyowajaribu wanawake 180 wa kazi za ofisini kwa miezi 12. Wengine walilala wakainua kichwa. Wengine walivuta mpira uliofungwa kichwani. Wote hao waliinua na vyuma vidogo, mara 3 kwa juma. Walipata nafuu kuliko wenzao walioambiwa wajinyoshe na kuchangamsha mwili tu.

Gharama yake ni ndogo. Tuanze polepole. Lakini mwenye mkono wa ganzi au usio na nguvu, au aliyeumia kwa kuanguka, amwone daktari kwanza.

Basi tumtake tajiri atupe dakika chache za mazoezi katika saa za kazi. Kila mwenye kuumwa ampe katibu wa tawi jina lake. Mmoja akilalamika ataitwa mvivu. Tukienda sote, litakuwa shauri la kazi.