“Ka”, “Kumbe” na “Basi”: Usomaji wa Vitabu vya Mwendelezo na vya Tamati katika Fantasia ya Vijana

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi andishi ya Kiswahili umezoea kuichukua kazi moja moja. Riwaya hufunguliwa, fani na maudhui yake huchambuliwa, kisha hufungwa na nyingine ikachukuliwa. Utaratibu huu una manufaa yake, lakini haumsaidii mhakiki anapokutana na kazi isiyokamilika ndani ya majalada mawili, yaani hadithi iliyogawanywa katika vitabu vitatu, vinne au saba, vilivyotolewa kwa nyakati mbalimbali na kusomwa na watu wale wale ambao, kati ya kitabu na kitabu, wameongezeka umri. Hiyo ndiyo hali ya sehemu kubwa ya bunilizi za kifantasia zinazosomwa na vijana ulimwenguni, wakiwamo vijana wa Afrika Mashariki wanaozisoma kwa Kiingereza.

Mhadhara huu unakusudia kujibu swali moja: kitabu cha tamati kinamfanyia nini msomaji aliyeanza na kitabu cha kwanza? Hoja itakayotetewa ni kwamba kazi kuu ya tamati si kufunga mafundo yote yaliyoachwa wazi, bali ni kumrudishia msomaji kitabu cha kwanza kikiwa na maana mpya. Ili kulieleza jambo hilo, zitatumiwa zana zilizomo katika sarufi ya Kiswahili chenyewe: kiambishi “-ka-”, na maneno “kumbe” na “basi”.

2.0 Zana tatu kutoka katika lugha

Kila mzungumzaji wa Kiswahili hukitumia kiambishi “-ka-” bila kujiuliza. Husema: Asha alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi. Kitenzi cha kwanza kimebeba “-li-” na kwa hiyo kina wakati wake. Vitenzi viwili vinavyofuata havina wakati wa kwao. Huuazima kwa kile kilichotangulia. Aidha, mpangilio wake haubadilishiki. Msemaji akianza na kurudi kabla ya kununua, amesimulia kisa kingine. Kwa hiyo “-ka-” ni kiambishi cha ufuatano na cha utegemezi kwa wakati mmoja.

Neno “kumbe” hufanya kazi iliyo kinyume. Mtu asemapo, “Kumbe Asha alikuwa mgonjwa,” hasemi kwamba jambo jipya limetokea. Anasema kwamba jambo lilikuwapo tangu zamani, ila yeye hakulijua. “Kumbe” haisogezi kisa mbele. Humgeuza msikilizaji ayaangalie upya yaliyokwisha kusemwa. Ukimya wa Asha sokoni, uliodhaniwa kuwa ni kiburi, sasa unaonekana kuwa ni maumivu.

Neno la tatu ni “basi”. Fanani wa ngano hulitumia kukata maneno: basi, wakaoana, wakaishi raha mustarehe. “Basi” huwaambia wasikilizaji kwamba wanaweza kuinuka na kwenda kulala.

Kwa zana hizi, vitabu vya mwendelezo vinaweza kutofautishwa. Vipo vinavyoongeza “-ka-” baada ya “-ka-”: shujaa akapigana tena, adui akafufuka tena. Vipo vinavyokuja na “kumbe”. Na takriban kila mfululizo hulazimika kuwa na “basi” mahali fulani. Thamani ya tamati inategemea jinsi “kumbe” yake ilivyotayarishwa na jinsi “basi” yake ilivyostahiliwa.

3.0 “Kumbe” iliyotayarishwa

Mfano unaojulikana zaidi ni mfululizo wa Harry Potter wa J. K. Rowling, vitabu saba vilivyotolewa kuanzia mwaka 1997 hadi 2007. Harry ana umri wa miaka 11 katika kitabu cha kwanza na 17 katika cha mwisho. Lakini msomaji aliyekuwa na miaka 11 mwaka 1997 alikuwa na miaka 21 ilipofika tamati. Mhusika alikua miaka sita, msomaji akakua kumi. Hivyo kitabu cha saba kilimkuta mtu mwingine, si yule mtoto aliyekifungua cha kwanza.

Katika kitabu cha kwanza, mwalimu Snape anaonekana kutaka kumdhuru Harry. Mwishoni inabainika kwamba alikuwa akimlinda, na sababu inayotolewa ni deni alilokuwa nalo kwa baba yake Harry. Hiyo ni “kumbe” ndogo, na inamfundisha msomaji mtoto kwamba chuki ya usoni si ushahidi wa nia mbaya. Kitabu cha sita, cha mwaka 2005, kinaonekana kulifuta somo hilo, kwa kuwa Snape anamuua mkuu wa shule, Dumbledore. Kitabu cha saba ndicho kinachofichua kwamba kifo hicho kilipangwa na Dumbledore mwenyewe, na kwamba ulinzi wa miaka yote ulitokana na mapenzi ya Snape kwa mama yake Harry. Kwa maneno mengine, tamati haiishii kujibu fumbo la kitabu cha sita tu. Inasahihisha hata jibu lililotolewa katika kitabu cha kwanza. Msomaji anayerudi mwanzo hukuta ukurasa ule ule, maneno yale yale, lakini mtu aliyemo si yule aliyemfahamu.

“Basi” ya mfululizo huo ni dhaifu kuliko “kumbe” yake. Sura ya kufungia, inayotokea miaka 19 baadaye, inataja ndoa na watoto kwa namna ya ngano. Inatuliza, lakini haimpi msomaji jicho jipya la kuyatazama yaliyopita. Wasomaji wengi waliikumbatia, wengine wakaiona kuwa ya ziada, na pande zote mbili zina haki, kwa kuwa kila upande unataja hitaji la kweli: hitaji la kupumzika na hitaji la kuelewa.

Mfululizo wa Earthsea wa Ursula K. Le Guin unakwenda mbali zaidi. Vitabu vitatu vya kwanza vilitolewa kati ya mwaka 1968 na 1972. Katika ulimwengu wake, uchawi wa hadhi ni wa wanaume, na wanavijiji wana msemo wa kuudharau ule wa wanawake. Msomaji wa mwaka 1968 aliweza kuupita msemo huo kama sehemu ya mandhari. Mwaka 1990, miaka 18 baada ya kitabu cha tatu, Le Guin alitoa Tehanu, ambamo mchawi mkuu Ged amerejea nyumbani bila nguvu zake, na kisa kimeshikwa na mjane Tenar pamoja na mtoto wa kike aliyeunguzwa kwa moto. Dharau iliyokuwa mandhari ikawa swali. Baadhi ya wasomaji walihisi kunyang’anywa shujaa wao. Hata hivyo, hakuna kilichobuniwa upya. Msemo ule ulikuwamo tangu mwanzo, na ni mwandishi aliyekubali kuusikia.

Tehanu ilipewa anwani ndogo iliyoitangaza kuwa kitabu cha mwisho cha Earthsea. Haikuwa cha mwisho. Mwaka 2001 ilifuata riwaya ya The Other Wind. Katika kitabu cha tatu, Ged alizitoa nguvu zake zote ili kuuziba ufa uliokuwa kati ya walio hai na nchi kavu ya wafu. Katika riwaya ya mwaka 2001 inagundulika kwamba nchi hiyo yenyewe, pamoja na ukuta wake wa mawe, ni matokeo ya dhuluma ya wachawi wa kale waliotaka kuishi milele. Ukuta unabomolewa. Kujitoa kwa Ged hakupungui thamani, ila kunaeleweka kuwa kulikuwa ukarabati wa nyumba iliyojengwa juu ya kosa. Ni nadra mwandishi kuwa na ujasiri wa kuihoji kazi yake hivyo bila kuikana.

4.0 “Kumbe” isiyotayarishwa, na suala la mpangilio

Si kila “kumbe” ina uhalali. Vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis vilitolewa kati ya mwaka 1950 na 1956. Katika cha mwisho, The Last Battle, Susan, mmoja wa watoto wanne wa kitabu cha kwanza, hayumo miongoni mwa wanaoingia katika nchi ya furaha. Wenzake wanaeleza kwa maneno machache kwamba si rafiki wa Narnia tena, kwamba anajali mavazi na mialiko. Susan mwenyewe hasemi neno. Msomaji aliyeishi naye tangu 1950 anapewa hukumu bila kusikia shauri. Ndiyo maana waandishi wa baadaye hawakuliacha jambo hilo. Mwaka 2004 Neil Gaiman alitoa hadithi fupi iliyojengwa juu yake.

Narnia inafundisha jambo jingine pia. Katika kitabu cha mwaka 1950 kuna taa ya barabarani inayowaka peke yake katikati ya msitu wenye theluji. Asili yake inaelezwa katika The Magician’s Nephew, kilichotolewa mwaka 1955 ingawa matukio yake yanatangulia yote. Matoleo ya baadaye yalikipa kitabu hicho namba ya kwanza. Upangaji huo ni wa “-ka-”: tukio baada ya tukio. Lakini kijana anayesoma kwa mpangilio huo anaikuta taa akiwa na maelezo yake tayari. Amepata taarifa, amepoteza “kumbe”.

Kuhusu “basi”, mfano mgumu ni The Amber Spyglass cha Philip Pullman, cha mwaka 2000, kitabu cha kwanza cha watoto kupata Tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka. Lyra na Will, waliookoa malimwengu na kupendana, wanalazimika kuachana daima, kila mmoja katika ulimwengu wake. Hakuna raha mustarehe. Lakini sababu ya kuachana imejengwa na kisa chenyewe: kila dirisha linaloachwa wazi kati ya malimwengu linayadhuru yote. Kijana anayelia mwishoni hajadanganywa. Pullman aliurudia ulimwengu huo katika mfululizo wa pili, ulioanza mwaka 2017 na kukamilika mwaka 2025, lakini uchungu wa “basi” ya mwaka 2000 hautegemei vitabu hivyo.

5.0 Kiswahili mbele ya mfululizo

Mambo haya si mageni kwa Kiswahili. Visa vya Bwana Msa vya Mohamed Said Abdulla, vilivyoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ni mfululizo ambao kila kitabu hutegua fumbo lake. “Kumbe” ni ya kila kitabu, na mfululizo mzima hauhitaji tamati. Euphrase Kezilahabi, kwa upande wake, aliiandika Mzingile (1991) ikiwa mwendelezo wa Nagona (1990), riwaya za watu wazima zenye ajabu na mafumbo, ambazo moja humlazimu msomaji kuirudia nyingine.

Mtihani mkubwa umo katika tafsiri. Kitabu cha sita cha Harry Potter kinamalizika kwa barua iliyotiwa herufi R.A.B., fumbo lililokusudiwa kuteguliwa katika cha saba. Lakini ukoo wa Black ulikuwa umekwisha kupewa majina mengine katika baadhi ya lugha: Zwarts kwa Kidachi, Svaart kwa Kinorwe, Musta kwa Kifini. Watafsiri wakaandika R.A.Z., R.A.S. na R.A.M. Wasomaji waliolinganisha matoleo waliitambua familia hiyo kabla tamati haijatoka. Uamuzi uliofanywa katika kitabu cha awali uliifichua siri ya kitabu cha baadaye.

Mtafsiri wa Kiswahili angekutana na mtego wake mapema zaidi. Harry analelewa na Petunia, dada wa mama yake. Hawezi kuitwa shangazi, maana huyo ni wa upande wa baba. Ni mama mkubwa au mama mdogo? Kiingereza hakilazimiki kuchagua. Kiswahili kinalazimika tangu sura ya kwanza. Ni kitabu cha saba kinachoonyesha, katika kumbukumbu za utotoni, kwamba Petunia ndiye mkubwa, na kwamba uchungu wake ni wa dada mkubwa aliyeona mdogo wake akipewa kipaji alichonyimwa yeye. Anayemwita mama mdogo katika kitabu cha kwanza ameuharibu uchungu huo kabla haujafika. Anayemwita mama mkubwa ameupanda vizuri kuliko Kiingereza chenyewe.

Pengine Kiswahili kina faida. Katika kitabu cha tatu cha The Lord of the Rings cha J. R. R. Tolkien, cha mwaka 1955, ambacho vijana wengi hukisoma ingawa hakikuandikwa mahsusi kwao, Éowyn anakwenda vitani akijifanya askari wa kiume. Msimulizi wa Kiingereza hulazimika kutumia kiwakilishi cha kiume, jambo linalokaribia uongo. Kiambishi “a-” cha Kiswahili hakitaji jinsia, hivyo siri ingehifadhiwa bila msimulizi kudanganya, na “kumbe” ingekuwa safi.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kitabu cha tamati kinadaiwa na kitabu cha kwanza, na kwamba deni hilo hulipwa kwa “kumbe” yenye ushahidi na “basi” isiyohadaa. Yapo mambo matatu ya kiutendaji yanayofuata. Kwanza, mwalimu anayewapa vijana mfululizo awape kwa mpangilio wa kutolewa kwake, na tamati ikiisha awarudishe katika sura ya kwanza, kwani hapo ndipo somo lilipo. Pili, mchapishaji asimkabidhi mtafsiri kitabu cha kwanza bila kumtaka asome hadi cha mwisho, na majina ya watu na ya ujamaa yaamuliwe kwa mfululizo mzima. Tatu, mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuwaandikia vijana fantasia ya vitabu kadhaa ajue anachokiahidi. Mtoto anayekianza kitabu cha kwanza akiwa darasa la sita huenda akakifunga cha mwisho akiwa chuoni, na atakuja na kumbukumbu ya kila alichoambiwa.