Tela Iliyofunguliwa: Mazungumzo Yetu na Wananchi wa Ajia



Mara nyingi tukikutana nanyi huzungumza juu ya wizi, magendo na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Leo tumechagua jambo linaloonekana dogo hadi siku linapochukua uhai wa mtu: namna ya kusogeza tela. Tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba iwekwe lami, magari makubwa yaendayo Kongo na Sudani Kusini yamekuwa majirani zetu wa kila siku. Pamoja nayo zipo tela ndogo: za matangi ya maji, za jenereta, za mashine za kusaga na za vibanda vya biashara vyenye magurudumu. Zote zikiwa zimefungwa kwenye gari, zina dereva. Zikifunguliwa, ni mzigo wenye magurudumu usio na mwenye kuuzuia, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Tuanze na mfano wa mbali. Ulaya, hasa Uingereza na Ujerumani, watu wengi hukokota karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu, nyuma ya gari la kawaida. Kuirudisha nyuma nyumba ile penye nafasi finyu ni kazi ngumu, kwa kuwa usukani ukikatwa kulia, tela huelekea kushoto. Basi wakatengenezewa kifaa maalumu. Mota mbili za umeme hufungwa kwenye fremu, moja karibu na kila gurudumu, na kila mota ina rola inayobanwa kwenye tairi. Nguvu hutoka kwenye betri ya volti 12 iliyomo ndani ya karavani. Mwenyewe huifungua kutoka kwenye gari, hushika rimoti, hutembea kando yake, na kwa kubonyeza vitufe huipeleka mbele, nyuma, au huizungusha pale pale ilipo.

Wachache kati yetu watanunua kifaa hicho, na atakayekinunua ajue kwamba ni cha uwanjani tu. Hakikutengenezwa kukokotea tela barabarani. Kila kifaa kina kiwango cha uzito na cha mteremko alichokiandika mtengenezaji, na kiwango hicho kiheshimiwe. Rola hushika tairi kavu na safi. Udongo wetu mwekundu ukilowa mvua, rola huteleza. Nayo rimoti isiachwe mikononi mwa watoto, kwa maana si kichezeo. Lakini hata tusiokuwa nacho tunaweza kujifunza kwake, kwa sababu waliokibuni walitafakari sana jinsi mzigo mzito unavyomdhuru mtu.

Somo la kwanza: anayesogeza awe anaona. Mwenye rimoti husimama nje, huzunguka pande zote, huchungulia hadi chini. Dereva wa lori yuko juu ndani ya kabini, na nyuma ya tela yake pana eneo ambalo hakuna kioo kinacholionyesha. Mtoto aliyechuchumaa pale haonekani kabisa. Kwa hiyo kabla injini haijawashwa, dereva au taniboi azunguke gari kwa miguu na kuinama chini yake. Nasi wazazi tusiache kivuli cha tela kiwe uwanja wa michezo, wala mama asitandaze nyanya zake nyuma ya gari lililoegeshwa.

Katika jambo hili sisi wa mpakani tuna shida yetu wenyewe. Uganda tunaendesha kushoto. Kongo na Sudani Kusini wanaendesha kulia. Hivyo Vurra na Oraba huonekana magari ambayo usukani wake uko kulia na mengine ambayo uko kushoto. Upande ulio mbali na dereva ndio asiouona vizuri. Anayemwongoza dereva kurudi nyuma na aangalie kwanza usukani uko wapi, kisha asimame upande huo huo, ambapo dereva atamwona kwenye kioo.

Somo la pili: mwenye rimoti ni mmoja. Huku kwetu lori likianza kurudi nyuma, kila aliye karibu hugeuka mwalimu. Mmoja anapiga kelele kwa Kilugbara, mwingine kwa Kikakwa, wa tatu kwa Lingala, wa nne kwa Kiarabu cha Juba, na dereva katikati ya makelele hayo hajui amsikilize nani. Tunawasihi: mwongozaji awe mmoja, na kabla ya gari kutikisika akubaliane na dereva juu ya ishara za mikono. Ishara iliyo kuu kuliko zote ni ya kusimama: mikono miwili iinuliwe juu ya kichwa. Hiyo inaruhusiwa kutolewa na mtu yeyote, hata mtoto, na dereva anapoiona asiulize sababu. Akanyage breki kwanza.

Somo la tatu: kidole kikiinuka, tela husimama. Kifaa kile hakisubiri amri ya kusimama. Husubiri amri ya kuendelea. Nasi tufanye vivyo hivyo. Dereva akimpoteza mwongozaji kwenye kioo hata kwa dakika moja, asidhani kwamba njia ni nyeupe. Asimame mpaka amwone tena. Na mwendo uwe wa chini kuliko wa mtu atembeaye. Mwenda pole hajikwai.

Somo la nne, nalo ndilo zito zaidi: usiachie kinachozuia kabla hujaweka kingine. Kwenye kifaa kile, rola hubanwa kwenye tairi kwanza, ndipo breki ya mkono ifunguliwe. Na kazi ikiisha, breki hufungwa kwanza, ndipo rola ziachwe. Wengi wetu hufanya kinyume. Tela hufunguliwa kutoka kwenye trekta au pikapu, kisha vijana wawili huambiwa waishike.

Tupige hesabu. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1. Tangi la lita 2,000 ni tani 2, bila kuhesabu chuma chake. Penye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, mzigo huo huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Vijana wawili hawawezi kuuzuia kwa muda mrefu. Na tangi lililojaa nusu ni hatari zaidi, maana maji hukimbilia upande mmoja na kuusukuma mzigo ghafla. Tela ikianza kukimbia, usijitupe mbele yake kuizuia. Piga kelele, watu wapishe. Chuma kitatengenezwa, mtu hatengenezwi.

Kwa hiyo, tela isifunguliwe kabla magurudumu hayajawekewa kabari pande zote mbili, mbele na nyuma. Ikiwezekana, ifunguliwe penye usawa. Wanaoisogeza kwa mikono wasukume wakiwa pembeni, na mmoja awe na kabari mkononi tayari. Kazi ikiisha, mawe yote yaondolewe barabarani. Jiwe lililoachwa kwenye lami mchana ndilo linalomwangusha mwendesha bodaboda usiku. Na tela iliyoharibika njiani iwekewe pembetatu za kuakisi mwanga, si matawi ya miti peke yake, kwa kuwa tawi halionekani gizani.

Neno letu la mwisho ni la ujirani. Ajali ikitokea, sheria inamtaka dereva asimame, asaidie majeruhi na kutoa taarifa polisi. Lakini dereva mgeni anayeona umati ukimjia na mawe atakimbia, na akikimbia, majeruhi hupoteza msaada na familia hupoteza shahidi. Yeyote anayejichukulia sheria mkononi huongeza maiti ya pili juu ya ile ya kwanza, wala haki haipatikani. Tupigieni simu kwa namba 999 au 112. Mlindeni majeruhi, mlindeni dereva, msiliguse gari hadi tufike. Kongo na Sudani Kusini ni wenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunataka wana wetu wakikosea huko watendewe kwa sheria, basi nasi tuwatendee hivyo walio hapa.

Tunawaomba wenyeviti wa LC wayafikishe maneno haya vijijini, na walimu wawaeleze wanafunzi kuhusu mahali asipopaona dereva. Tukipeana macho, tela zitapita na watoto wetu watabaki. Sasa tunakaribisha maswali.